Mikono Kumi na Mmoja

1

Vitu ambavyo watoto wa kitengo cha wasioona, Shule ya Msingi Lukwambo, walisema hawajawahi kuvigusa, kila mmoja kwa zamu yake:

Simba.

Wingu.

Reli ya treni ikiwa treni inapita.

Samaki aliye hai.

Mwalimu Gaudensi Mkude aliwasikiliza mpaka wa mwisho. Yeye mwenyewe hakuwa ameona kitu tangu surua ilipompitia akiwa na miaka minne, kwa hiyo hakuwacheka. Simba hakumweza. Wingu hakuliweza. Lakini samaki, alijiambia, samaki mtu anaweza kumpata.

2

Yosefa, bintiye, alikuwa akifanya usafi katika hoteli moja mjini. Hoteli ilikuwa inabadilisha samani, na tangi la kioo la samaki wa mapambo lilikuwa linatupwa. Akaliomba. Akalileta shuleni kwa bodaboda, amelikumbatia kama mgonjwa, na samaki sita ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Ukingo wa tangi ulikuwa umemeguka pembeni. Yosefa aliuvuta mkono wa baba yake akamwonyesha mahali penyewe, akapabandika utepe.

Utepe hukaa kwa muda gani ndani ya maji?

Hakuna aliyeuliza.

3

*Siwema, darasa la tatu, akisimulia:*

Mwalimu alisema mkono usimtafute samaki, mkono ukae tu. Tukaweka mmoja mmoja. Maji yalikuwa baridi. Nikakaa, nikakaa, nikataka kuutoa. Halafu kitu kikapita katikati ya vidole vyangu, laini, kama ulimi. Nikasema, mwalimu, amenisalimia. Wenzangu wote wakataka tena.

4

Watoto kumi na mmoja.

Mikono kumi na mmoja.

5

Kusafisha tangi Mwalimu hakumwachia mtu. Kila Jumamosi asubuhi alikunja mikono ya shati, akachota maji nusu, akasugua ukoga kwenye kioo kwa dodoki. Alipenda kazi ile. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu ukingo ulimkata kidogo, kwenye kidole cha shahada, mkono wa kulia. Alikinyonya kidole, akatema, akamalizia upande uliobaki.

Wewe unayesoma haya kwa macho, huenda kwako kidole ni kidole. Mwalimu Gaudensi alisoma nukta nundu, maandishi ya kupapasa, kwa hicho kimoja. Kwacho alisahihisha madaftari miaka ishirini na sita. Kwacho alisoma barua ya posa aliyoandikiwa na Leokadia, mkewe, ambaye alijifunza nukta nundu kwa ajili hiyo tu na akakosea herufi nne.

6

Wiki ya tatu pakatokea kinundu, ukubwa wa punje ya mtama.

Leokadia alisema ni mdudu wa kidole. Akatoboa limau, akamvisha mumewe kama kofia. Siku tatu alitembea na limau kidoleni, na watoto wakawa wanamtambua kwa harufu.

7

*Kwenye bahasha za dawa, kwa mfuatano:*

1 x 3, siku 5. Maliza dozi.

2 x 2, siku 7. Baada ya chakula.

Paka asubuhi na jioni. Hupunguza uvimbe.

*Hii ya mwisho ilipunguza uvimbe siku nne. Halafu kidole kikafumuka.*

8

Wiki ya tisa kulikuwa na kinundu cha pili, nyuma ya kiganja. Cha tatu, juu ya kifundo cha mkono. Cha nne, katikati ya kifundo na kiwiko. Vilipanda kwa mstari mmoja ulionyooka kiasi kwamba jirani mmoja alimvuta Leokadia kando akamwambia vitu vya namna hiyo haviendi hospitali, vinatumwa, na vinajua vinakokwenda.

Leokadia alirudi ndani akavihesabu upya.

9

Darasani Mwalimu alikuwa anawasomea watoto habari ya sungura aliyekwenda kuchota maji. Alifika mstari wa sita. Kidole kikapita juu ya karatasi na karatasi ilikuwa

Akarudi nyuma. Akapita tena.

Ilikuwa tambarare. Nukta zilikuwepo, alijua zipo, alizichapa mwenyewe. Akabonyeza kwa nguvu, usaha ukatoka, ukalowesha ukurasa.

Watoto walisubiri. Mmoja akasema polepole kwamba labda sungura amepotea njia.

Mwalimu akasema ndiyo.

10

MAJIBU YA MAABARA

Sampuli: usaha, kidole cha shahada, kulia.
Vimelea vilivyoota: HAKUNA.
Maoni: —

11

Katika hospitali ya rufaa alionwa na daktari wa ngozi, Mwanahija Semboja, mwanamke mwenye sauti nzito asiye na haraka. Alivishika vinundu kimoja baada ya kingine kuelekea juu. Kisha aliuliza swali ambalo katika miezi minne hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza.

"Mwalimu, mnafuga nini?"

Leokadia alisema kuku, na hao wachache.

"Samaki?"

Mwalimu Gaudensi alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka: tangi, dodoki, utepe, Jumamosi.

Daktari alimfafanulia taratibu. Ni mdudu wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, ila huyu makazi yake ni majini. Huingia palipochubuka. Joto la mwili halimfai, anapenda ubaridi wa vidole. Ndiyo maana maabara walipomwotesha kwenye joto la mwili hakuota. Mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Maji ndiyo yanayoambukiza. Atampima upya, kwa joto la chini, na dawa ataanza leo, vidonge vya aina mbili, miezi sita au zaidi.

Leokadia aliuliza kama kidole kitapona.

Daktari alisema kitabaki.

12

*Yosefa, akimwambia mama yake kwa simu. Mama alikuwa ameweka sauti ya juu, na baba alikuwa mlangoni:*

Mmoja alikuwa na kidonda ubavuni, mama. Nilikiona ndani ya ndoo. Chekundu. Nilidhani ni rangi yake. Wale ni samaki wa rangi, ningejuaje? Na baba alisema wawili wamekufa, nikamwambia ni kawaida. Mle darasani nani angekiona? Mimi ndiye niliyekuwa na macho, mama, mimi ndiye

13

Upasuaji: saa moja na dakika ishirini. Kano ilikuwa imeshaliwa.

Kidole kilibaki. Kilinyooka kama kijiti na hakikukunjika. Ukikichoma kwa pini, alisema muuguzi, utaona kama kina hisia.

Hakuona. Hakuisikia pini pia.

14

Mkono mmoja ulikuwa wake.

Kumi na mmoja haikuwa yake.

Alilala kitandani wodini akawapanga watoto kwa majina, kama anavyoita mahudhurio. Nani aliweka mkono mara ngapi. Nani alikuwa na mchubuko. Watoto wasioona huishi na michubuko. Hujigonga madawati, milango, mawe.

Aliporuhusiwa alisema atawaandikia wazazi. Leokadia alimsikiliza huku akimfunga vifungo vya shati, kwani siku hizo hakuviweza.

"Baba Yosefa, watasema umewatia watoto wao ugonjwa."

"Nimewatia."

Mwalimu mkuu naye alimwomba asubiri. Alisema kwa upole kwamba wazazi wengine walihangaika sana kabla ya kukubali kuleta watoto hawa shule, na barua kama hiyo itawarudisha ndani, wakafungiwe. Hilo halikuwa uongo. Mwalimu Gaudensi alilijua kuliko yeye. Alikaa nalo siku mbili.

15

KWA WAZAZI NA WALEZI WA KITENGO CHA WASIOONA

YAH: UCHUNGUZI WA MIKONO YA WANAFUNZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kati ya mwezi wa pili na wa sita wanafunzi walishika samaki na maji ya tangi darasani, kwa maelekezo yangu. Maji hayo yalikuwa na ugonjwa. Tangi limeondolewa na kutiwa dawa. Uvimbe unaweza kuchelewa wiki kadhaa au miezi. Ukiona kinundu kwenye kidole au mkono wa mtoto, usikitumbue, usikipake kitu, mpeleke hospitali na useme neno "samaki".

Mtoto hataambukiza ndugu zake. Tafadhali msimfungie.

*(Imeandikwa kwa mkono wa Leokadia. Aliyetamka amesaini kwa dole gumba, la kushoto.)*

16

Aliwaita kwa zamu, siku ya barua. Hakungoja wazazi. Leokadia aliketi pembeni kuangalia, yeye alishika. Kwa mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote ulishikilia karatasi tu wakati mwenzake anasoma.

Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tano alikuwa na kovu la chungu cha moto. Wa tisa aliuliza samaki wako wapi, akaambiwa wamekufa, akauliza kama walijua. Wa kumi, safi.

Siwema alikuja wa mwisho.

Kwenye kidole cha kati, pembeni, chini ya kucha:

kitu.

"Hapo ndipo ninapobania kalamu ya kuandikia nukta," alisema Siwema haraka, kabla hajaulizwa.

Inawezekana. Kalamu ile ya chuma huotesha sugu kidoleni mwa kila anayeanza. Alikizungusha kidole cha mtoto. Sugu ni kavu na ngumu. Kinundu kina ulaini kwa ndani. Kidole chake mwenyewe cha kulia kingejua kwa mguso mmoja. Cha kushoto kilipapasa, kikarudi, kikapapasa.

Leokadia aliinama kutazama. Alisema panang'aa kidogo, halafu akasema labda ni mwanga wa dirisha.

"Mwalimu," alisema Siwema, "nikiwa nacho, nitaacha kusoma?"

Alitaka kumwambia hapana. Lilikuwa neno jepesi na lilikuwa tayari mdomoni.

Alimwambia Alhamisi watakwenda wote watatu kwa Daktari Semboja, na kwamba njiani atakaa karibu naye.

Kisha akaomba ampe mkono tena.