Mkono Nje ya Trekta

Honi ilianza kulia nyuma ya Chelangat kabla hata vumbi la gari lenyewe halijamfikia. Hakugeuka. Trekta ilikuwa ikivuta trela lililobeba kompresa ya kuchimbia visima, tani saba za chuma, na mtu anayevuta tani saba hageuzi shingo ovyo ovyo. Kwa kila shimo ulimi wa trela uligonga pini, na kishindo kilimpanda uti wa mgongo mpaka kwenye meno.

Alitoka Lodwar alfajiri. Sasa jua lilikuwa limesimama juu ya kofia yake, na Kakuma bado ilikuwa mbali. Wenye magari walikuwa wamemtukana njia nzima. Dereva wa lori la mbuzi alimwambia arudi jikoni akachemshe maharagwe. Mwingine alimrushia chupa ya maji, tupu, ikampata sikioni. Penye changarawe ngumu alikuwa akiegesha pembeni awapishe, na alishafanya hivyo mara tatu. Pasipo changarawe hakupisha mtu. Mchanga wa huko humeza gurudumu la trela mpaka ekseli, na msimamizi wake alishamwambia wazi: kompresa ikikwama, au jina la kampuni likiandikwa polisi, ashuke kwenye trekta apande basi la Sotik siku hiyo hiyo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa trekta pale, tena kwa majaribio ya miezi mitatu. Hii ilikuwa wiki ya mwisho. Sotik kulikuwa na watoto wake wawili na mama yake mwenye presha, na hapakuwa na mwingine wa kuwalisha.

Taa za kuashiria za trela zilikuwa zimekufa. Aliporipoti, alijibiwa kwamba mkono anao. Basi alijifunga kitambaa chekundu mkono wa kulia, akawa anawaonyesha wa nyuma kwa ishara ambazo kila dereva wa barabara ile anazijua: mkono ukipunga kwenda mbele, pita, mkono ukinyooka bila kutikisika, kaa nyuma.

Gari lililokuwa likipiga honi lilikuwa jeupe, jipya, la serikali. Mwaka huo wa 2013 ofisi mpya za kaunti zilifunguliwa kila wiki, kila ofisi na gari lake, na kila gari lilikuwa limechelewa mkutano. Nyuma yake ilifuata pikapu ya polisi ya kulisindikiza, kwa sababu ya majambazi.

Barabara ilipanda kilima kifupi kabla ya kushukia lagga, mto mkavu uliojaa mchanga. Kutoka kwenye kiti chake cha juu, Chelangat aliona jambo ambalo wa nyuma hawangeweza kuliona: pikipiki ikipanda upande wa pili, imebeba magunia matatu ya makaa. Akanyoosha mkono. Aliunyoosha mpaka bega likauma.

Gari jeupe likampita hivyo hivyo.

Mwenye pikipiki alijaribu kukimbilia mchangani, akachelewa. Gari lilimgonga ubavuni, likaendelea, likajipigiza kwenye jiwe la kingo za barabara na kuanza kutoa mvuke. Makaa yalitapakaa barabara nzima.

Chelangat alizima trekta, akaweka mawe kwenye magurudumu ya trela, ndipo akakimbia. Yule mtu alikuwa Ekal, aliyekuwa akipeleka makaa Lodwar. Alikuwa amelala chali na paja limevunjika, mfupa nje.

"Ejok," Ekal akamsalimu polepole, kama mtu aliyekutwa ameketi kwake.

Chelangat alimjibu salamu yake. Alifungua kitambaa chekundu mkononi, akakikaza juu ya kidonda. Damu ilipungua lakini haikukoma.

Mkubwa mwenye gari, Bwana Kipngeno, alishuka akishikilia simu juu kutafuta mtandao. Alipomsikia Chelangat akijitaja jina kwa polisi, alibadilisha lugha, akamwongelesha Kikipsigis, lugha ya kwao wote wawili. Alimuuliza ni binti wa nani, wa upande gani wa Sotik. Alisema watu wa nyumbani hawazikani ugenini, kwamba kosa dogo la barabarani linaweza kutengenezwa kama kila mtu akitulia. Aliongea kwa upole, na muda wote huo hakumtazama Ekal hata mara moja.

Sajini wa pikapu alifungua daftari juu ya boneti.

"Mama, andikisha kwamba ulimpungia dereva apite."

"Sikupunga, afande. Niliunyoosha."

Sajini akamwita dereva wa gari jeupe, Mutua, amweleze aliona nini. Mutua aliviangalia viatu vya mkubwa wake. Kisha akasema mkono aliuona, na ulikuwa unacheza.

Akina mama wawili wa Kiturkana waliokuwa wakichota maji kwenye mashimo ya mchanga chini laggani walikuwa wamepanda kutazama. Walisema kwa lugha yao waliyoyaona, na wote wawili wakanyoosha mikono, imekakamaa, waonekane vizuri. Sajini hakuandika neno. Alisema hao hawana leseni, mambo ya barabara watayajulia wapi.

Chelangat alimwomba mgonjwa apakiwe kwanza kwenye pikapu, maneno mengine yasemwe Kakuma.

"Hata sisi tunataka kumpeleka," sajini alisema. "Anayemchelewesha ni wewe."

Chelangat alimgeukia Ekal. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na alikuwa akiomba maji kwa Kiturkana, neno moja tu, tena na tena. Chelangat alichukua kalamu. Maelezo yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza. Yeye aliishia darasa la nane, akatambua jina lake na namba ya trekta. Akatia sahihi. Alijua alichotia sahihi.

Ndipo pikapu ikapakiwa. Bwana Kipngeno aliketi mbele. Nyuma wakapanda Mutua na polisi wawili, kisha yakapakiwa maboksi ya kalenda zenye picha ya mkubwa huyo. Nafasi ikaisha. Chelangat aliushika mlango wa sajini, akamkumbusha ahadi yake.

"Mkubwa ana mkutano," sajini alisema. "Wewe una trela zima. Tufuate mpaka kwenye kizuizi cha Kakuma."

Walimlaza Ekal kando ya kompresa. Mmoja wa wale akina mama alipanda naye, akamwekea kichwa mapajani. Zilibaki kilomita arobaini. Chelangat akiongeza mwendo, mfupa ulihama na Ekal akapiga ukelele. Akipunguza, aliwaza damu. Akashika mwendo wa katikati. Magari yalijipanga nyuma yake, yakipiga honi. Dereva mmoja alipompita alichungulia dirishani, akauliza kama anaenda harusini au matangani.

Kwenye kizuizi cha polisi nje ya mji, konstebo aliyemsimamisha alikuwa na kopo la rangi nyeupe na burashi. Amri ilishafika kwa redio: trekta, trela na vyote vilivyo juu yake ni vielelezo vya kesi. Hakuna kushusha kitu mpaka mkaguzi wa magari atoke Lodwar, labda kesho, labda Alhamisi. Akaomba ufunguo.

Chelangat alimpa. Alimwambia juu ya trela kuna mtu.

Konstebo alipanda kwenye gurudumu, akatazama. Alikubali ni kweli, kuna mtu. Alisema yeye hana ruhusa ya kubadilisha amri, amuulize afande, lakini afande analinda mkutano wa mkubwa na simu ameizima. Mama wa Kiturkana aliongea kwa sauti ya juu, mkono wake kifuani mwa Ekal. Ekal alikuwa ameacha kuomba maji.

Konstebo alichovya burashi, akainama, akaanza kuandika namba ya kesi ubavuni mwa trela, herufi kubwa, kwa utaratibu. Alipofika mwisho akasimama, kwani mguu uliovunjika ulikuwa umening'inia pale pale.

"Mama," alimwambia Chelangat, "hebu msogeze kidogo. Nimalizie hii saba."