Askari Mlangoni pa Kavugho

Sheria ya afya ilimruhusu Olanya, bwana afya, kufunga nyumba yoyote yenye kipindupindu, naye alishafunga nyingi hadi akachoka na kufunga. Kazi ilikwenda hivi: anavuta kamba mbele ya mlango, anawaeleza majirani, na majirani wanaleta chakula. Wanakiweka chini kando ya kamba, wanarudi nyuma, ndipo wa ndani wanatoka kuchukua.

Safari hii, pale mteremkoni Lubaga, aliomba polisi wa kulinda, serikali ikampa mwanajeshi mwenye bunduki, jina lake Faustino. Olanya akakubali tu. Nguvu za kubishana angezitoa wapi?

Aliporudi kesho yake, kando ya kamba hapakuwa na kitu. Hata ganda la ndizi.

Kavugho, mchuuzi wa vitenge kutoka Kongo, alikuwa dirishani. Ndani alikuwa akimuuguza mdogo wake, Hortense.

"Papa, umetufunga ama umetuzika? Maji yamekwisha, makaa yamekwisha. Hortense anaomba kunywa, nimpe mate?"

"Majirani hawajaja?"

"Hata kukohoa hawakohoi. Leo natoka, Papa. Huyo askari wako na anipige risasi."

Olanya alijua angekwenda wapi: sokoni, kwa Wakongo wenzake, na ugonjwa mikononi.

Akavuka kwa Halimah, jirani wa karibu. Mlango ukafunguliwa kwa upana wa jicho.

"Simjui mtu wa nyumba ile."

"Nyabo, mama yangu, si juzi tu mlikuwa mnasukana nywele?"

"Simjui, ssebo, bwana wangu."

"Ni kipindupindu tu."

"Tu!" Halimah akacheka cheko kavu. "Fundi redio wa pale kona, wanajeshi walisema wanampeleka kutibiwa. Askari alisimama mlangoni kwake hivyohivyo. Mpaka leo anatibiwa, hajarudi."

Olanya akatoa karatasi yake ya sheria, amwonyeshe muhuri. Mlango ukafungwa pu.

Akarudi kwa Faustino akiburuta miguu na kuhema.

"Afande, nenda kambini."

"Nani atalinda?"

"Mimi."

Faustino akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Mzee, yule mama akichomoka utamkamata na nini? Pumu?"

"Nilikuomba kwa sheria, nakurudisha kwa sheria."

"Sheria! Kumbe bado mnayo?" Lakini jua lilikuwa kali na kiu imemshika. Akatupa bunduki begani, akaenda zake.

Olanya akachota maji bombani mwenyewe, akaweka jerikeni kando ya kamba, akaketi chini.

"Mama Kavugho, sina bunduki. Ukitaka kutoka, utatoka. Nakuomba tu usitoke."

Kavugho alisimama kizingitini, akiitazama barabara iliyo wazi. Kisha akachukua maji, akarudi ndani kwa mdogo wake.

Mchana Halimah akaja na sufuria ya viazi, macho yakizunguka.

"Askari ameondoka?"

"Ameondoka."

Akaweka sufuria chini. Kavugho alipotokeza tu, Halimah akainua gauni, aruke kamba amkumbatie.

"Rudi nyuma!" Olanya akanyanyuka, magoti yakilia.

"Shoga yangu huyu!"

"Si ulisema humjui? Rudi!"

Nyuma yake wakaja wengine, na mkaa, na chai, na maswali, kila mmoja akitaka kuchungulia Hortense yuko vipi. Hadi jua linazama Olanya alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikakatika, akawa anawafukuza kwa kofia.