Mwisho wa Wimbo wa Lueth

Mimi sipendi kusifiwa. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni unyenyekevu, kumbe ni hasira tu. Ukimpigia mtu gitaa hapa Lodwar, hata ukikosea nusu nzima, atakuambia, "Iko sawa kabisa, fundi," kisha atakuuliza skrini ya simu yake itakuwa tayari lini. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimesifiwa bure kwa miaka mingi hata sijui tena tembo langu lina ladha gani.

Natengeneza simu mtaa wa Kanamkemer. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ile inayoninyima raha ni nyingine: nachukua muziki wa magemu ya zamani na kuupiga upya kwa gitaa la umeme, kwa mtindo wa roki, ngoma nikizipanga kwenye kompyuta. Narekodi chumbani Jumapili asubuhi kabla spika za kanisa jirani hazijafunguliwa. Natundika mablanketi matatu ukutani ili mbuzi na bodaboda wasiingie kwenye rekodi, na joto la humo ndani linatosha kuivisha maharagwe.

Kuna jukwaa mtandaoni ambako wenye ugonjwa kama wangu, kutoka pande zote za dunia, huweka rekodi zao na kuchambuana bila huruma. Ninayemwogopa kuliko wote anajiita Bundi wa Chuma. Sijui anaishi wapi wala ana umri gani. Mara ya kwanza aliniandikia kwamba gitaa langu linasikika kana kwamba limefungiwa ndani ya debe. Nilimpenda siku hiyo hiyo.

Mwezi wa tatu niliweka rekodi ya kumi na moja. Ilikuwa ya gemu la shujaa anayevuka jangwa akiwinda majitu, gemu la utoto wangu, na niliipenda kuliko zote. Bundi alisikiliza, akaandika kwa Kiingereza chake kikavu kwamba ngoma zangu zimechelewa na uzi wa tatu wa gitaa haukukazwa vizuri. Halafu akauliza: muziki unaoanza dakika ya pili umeutoa wapi? Gemu hilo amelicheza miaka ishirini na haumo. Akaongeza kwamba ndiyo sehemu pekee yenye uhai, hasa pale mwisho.

Nikamjibu kwa jeuri. Nilimwambia mwisho ni wangu, niliutunga mwenyewe kwa kuwa sikuwahi kuusikia, lakini sehemu iliyobaki imo kwenye gemu, arudi akasikilize. Hakubishana. Alinitumia muziki wote wa gemu lile, kuanzia mwanzo hadi tamati. Niliusikiliza saa nzima nikiwa na simu ya mteja mkononi imefunguliwa tumbo. Haukuwemo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi kulisikia gemu lile hata siku moja.

Nilikulia Kakuma, baba yangu akiwa dereva wa malori ya maji. Tulikuwa tunavuka kwenda kambi ya wakimbizi kucheza kwenye kibanda kimoja kilichokuwa na televisheni mbili na spika moja tu, na spika hiyo ilikuwa ya wale waliokuja kutazama filamu. Upande wetu palikuwa kimya. Thon, kijana Mdinka kutoka Sudan Kusini aliyenizidi miaka sita, alikuwa amelicheza gemu lile kwingine na muziki wake alikuwa nao kichwani. Basi alikuwa anakaa nyuma yangu anauimba kwa mdomo uliofungwa, ili nijue jitu linakuja lini. Shujaa alipokuwa anatembea tu jangwani, safari ndefu isiyo na adui, Thon aliimba wimbo mwingine wa polepole. Sikuwahi kuusikia ukifika mwisho, maana jitu lilikuwa linatokea na Thon anarudi kwenye muziki wa vita. Mimi nilijua yote ni gemu.

Nikamtumia Thon kiungo cha rekodi ile jukwaani. Alikuwa bado yuko kambini, ana duka la unga na sabuni, na tulikuwa tunasalimiana kwa simu kila sikukuu. Niliandika: "Sikiliza kuanzia dakika ya pili. Hii uliitoa wapi? Usinipambe, niambie ukweli."

Alisikiliza, nikaona alama mbili za buluu. Siku nne hakujibu. Siku ya tano akatuma sauti.

"Ebenyo. Hiyo si ya gemu. Hiyo ni wimbo ya ng'ombe ya Lueth, ndugu yangu mkubwa. Lueth alikufa. Wewe umepeleka kwa watu hawajui yeye, na juu umeandika ni gemu. Toa."

Mtu mwingine wa mjini angeweza kujitetea kwamba hakuelewa. Mimi ni Mturkana. Babu yangu alikuwa na maksai wake mwenye pembe moja iliyoinama, na wimbo wa maksai yule ulikuwa wake peke yake. Mwenzake wa rika alijaribu kuuimba bila ruhusa kwenye ngoma moja, na walitenganishwa kwa fimbo. Kwa Wadinka ni vivyo hivyo. Wimbo wa maksai ni jina la pili la mwanamume. Hauokotwi njiani kama sarafu.

Nilijua hayo yote, na bado sikuufuta. Nilikasirika. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeniimbia, nilikuwa mtoto, ningejuaje? Lakini ukweli ni kwamba maoni yalikuwa yanaongezeka. Watu nisiowajua walikuwa wananiandikia kwamba wamelia. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesifiwa na watu wasio na simu dukani kwangu, na nikagundua kwamba mimi ninayejigamba sipendi sifa, nazipenda kama mlevi. Nilikaa wiki mbili nikijidanganya kwamba mtandao wangu uko chini. Nilijiona mtu mbaya, na nikaendelea kusoma maoni.

Halafu Thon akapiga simu. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo lilinitisha zaidi.

"Binti ya Lueth anaolewa Jumamosi," alisema. "Anyieth. Kuja Ijumaa. Kuja na gita."

Nilikwenda nikijua naenda kusutwa mbele ya watu, na nikaona ni haki yangu. Nilifika kwake saa tisa alasiri. Uani, ndani ya ua wa miiba ya mti wa etirae, wanawake walikuwa wanapepeta mtama na vijana wanafunga turubai. Thon alikuwa amepata mvi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, ndugu yangu."

"Ejok. Thon, nimekuja kuomba msamaha. Nitaitoa sasa hivi, ukiona kwa macho yako."

"Ngoja. Keti kwanza."

Nilikaa. Nyuma yetu msichana mrefu alikuwa anakunja vitambaa na kuimba kwa sauti ya chini, kwa Kidinka. Nilimsikiliza kwa adabu tu, mpaka akafika mahali ambapo vidole vyangu vilipatambua kabla yangu. Alikuwa anaimba mwisho. Ule mwisho niliotunga mimi chumbani Kanamkemer, Jumapili moja, jasho likinitiririka machoni. Ulikuwa na maneno.

"Huyo ndiye Anyieth," Thon alisema. "Nimemfundisha. Kesho mimi nitaimba ng'ombe ya baba yake, kwa sababu baba yake hayuko. Ni lazima. Mtoto hawezi kutoka nyumbani kimya kama ameibwa. Lakini Ebenyo, hii wimbo mwisho yake ilinipotea. Tangu Lueth alikufa mimi natafuta. Naimba, nafika pale, inakatika. Wote walikuwa wanajua wamekufa. Mimi nilikuwa naona aibu mpaka nataka kuambia watu wa bwana harusi wangoje mwaka mwingine."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Ile siku umetuma, nilikasirika sana. Nikasema huyu ni mwizi. Halafu nikasikiliza tena. Nikafika pale mwisho, na maneno ikakuja yenyewe, kama mtu amefungua mlango. Sasa niambie. Mimi nilikuimbia mpaka mwisho? Pale kwa gemu? Mimi sikumbuki."

Anyieth alikuwa ameacha kuimba. Alikuwa anakunja kitambaa kile kile mara ya pili.

Nilitaka kusema kweli. Naapa nilitaka. Maisha yangu yote nimewadai watu ukweli, nimegombana na ndugu kwa sababu walinisifu uongo. Lakini Thon alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja majibu ya daktari, na kesho ilikuwa harusi, na mtama ulikwisha sagwa nusu.

"Uliniimbia," nilisema. "Mara nyingi. Ulikuwa umesahau tu."

Thon aliinama, akaweka paji la uso kwenye magoti yake. Mabega yalikuwa yanatikisika. Kisha aliinuka, akasema kitu kwa Kidinka kwa wanawake wote pale uani, akininyooshea kidole, nao wakapiga vigelegele. Mmoja akaja akanimwagia maji kichwani kwa baraka. Nilishukuru.

Thon alipotoka kwenda kupokea wageni, Anyieth alikuja akakaa kwenye kiti chake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne pale pale kambini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu.

"Anko," alisema, "mjadala wenu kwenye lile jukwaa niliusoma wote. Baba mdogo hasomi Kiingereza. Mimi nasoma."

Niliuvuta mfuko wa gitaa karibu na miguu yangu.

"Yule mtu alikuuliza, ukamjibu mwisho ni wako. Uliandika hukuwahi kuusikia."

"Niliandika."

"Kwa hiyo ulichomwambia yeye ni kweli, na ulichomwambia baba mdogo ni uongo."

"Ndiyo."

Alitazama mikono yake, iliyokuwa imepakwa hina tayari kwa kesho. "Mimi baba sikumjua. Alikufa nikiwa nanyonya. Sina picha yake. Nilikuwa nangoja kesho kwa ajili ya huo wimbo peke yake, kuliko hata huyo Kuot ninayeolewa naye. Sasa kesho nitakuwa naimbiwa na nani, anko? Baba, au wewe?"

Nilimwambia kwamba nikitaka naweza kumfuata Thon sasa hivi, nimwambie yote. Nilisimama kabisa. Sijui hata leo kama ningefika langoni.

"Keti," alisema.

Nikakaa.

"Ukimwambia, kesho hataimba. Hataimba tena mpaka afe. Namjua." Wanawake walikuwa wanacheka kuhusu jambo fulani kule kwenye mtama. "Hebu nipigie. Pale mwisho tu."

Nilitoa gitaa kwenye mfuko wake. Bila umeme linasikika kidogo sana, kama mtu anayeongea kwa pua, lakini alisogeza sikio karibu. Nilipiga. Alifumba macho, na machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta. Nilipomaliza nilingoja, kama ninavyongoja kila mara, lakini safari hii nikiomba asiseme kitu.

"Pale unapoteremka," alisema, "unakimbia. Kwenye rekodi pia ulikimbia. Mtu anayeagana na ng'ombe wake hakimbii."

"Niende polepole?"

"Polepole. Rudia."

Nikarudia.