Bango Lililolala Kifudifudi

Shangazi yangu ni fundi nguo, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Nasema hivi nikimpenda, maana amenilea na kazi nimejifunzia mezani kwake. Chumba tunachoshonea, cha kona, chenye dirisha la buluu, alikinunua kwa Brashi, mchora mabango aliyekuwa na jengo zima. Walielewana wenyewe wawili, wakapeana mikono, Shangazi akalipa kidogo kidogo mpaka akamaliza. Hawakuandikishana popote. Waliaminiana, na nani angethubutu kutaja karatasi mbele ya wazee wale?

Brashi alipofariki, jengo likawa la mwanawe, dereva wa lori. Alikuja kwa adabu zake zote, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Shikamoo, mama. Nimepata mnunuzi wa jengo zima. Nikaona nikwambie mapema, upate pa kuhamia."

"Marahaba. Nihamie wapi, na chumba ni changu? Baba yako aliniuzia."

"Hakuniambia. Sisemi unadanganya, mama, lakini mnunuzi anataka maandishi. Nionyeshe hata mstari mmoja wa baba, sitakugusa."

Alipoondoka, Shangazi alibaki kwenye cherehani bila kukanyaga. Hakumsema mtu yeyote mchana ule, wala mimi niliyekuwa nimekata mkono wa blauzi vibaya. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Kesho yake mteja wetu, dada mmoja wakili, alikuja kuchukua joho lake. Nikamweleza yote kabla Shangazi hajanikata jicho.

"Mama, ukiuziwa kitambaa, neno la mdomo linatosha," wakili alisema. "Nyumba siyo kitambaa. Ya mdomo tu, mahakamani hayasimami. Lazima kuwe na maandishi: kimeuzwa nini, kwa nani, kwa bei gani, na saini ya aliyeuza."

"Basi nimekwisha. Hatukwenda ofisi yoyote."

"Si lazima ofisi wala muhuri. Hata barua ya kawaida ingesaidia. Hakukuandikia chochote kabisa?"

"Yule? Kazi yake mabango. Langu lenyewe aliliharibu. Namwomba aandike tunashona suruali na magauni, ananiletea maelezo marefu ya chumba. Nikamwambia, mteja akisoma hili atajua tunashona nini? Nikamfukuza nalo. Akaliacha mlangoni, akasema nilitundike tu."

Wakili aliweka joho chini. "Liko wapi?"

Shangazi alikuwa ameegemea meza ya kukatia, na mkono wake ukaanza kuupapasa polepole ubao wa juu wa meza hiyo. Ubao mzuri hautupwi. Alikuwa ameulaza ule wa bango kifudifudi, akaupigilia misumari, na juu yake tumekata nguo za nusu ya mtaa.

Tuliondoa pasi, vitambaa na chaki, tukang'oa misumari. Tulipougeuza, rangi nyekundu ilikuwa inang'aa vilevile:

CHUMBA CHA KONA, DIRISHA LA BULUU, NIMEMUUZIA FUNDI WANGU WA NGUO.

Chini yake jina kamili la Shangazi, bei, na maneno AMEMALIZA KULIPA. Kisha mstari mdogo: ASISUMBULIWE NA MTU. Na pembeni, jina kamili la Brashi na saini yake yenye mkia mrefu. Mzee yule alisaini kila alichokipaka rangi. Angepewa yai angelisaini.

Wakili alisoma mara mbili, akacheka kwa furaha. "Kila kitu kipo, mama."

Shangazi alikuwa analia waziwazi. "Alinifikiria," alisema. "Nami nikamfukuza. Asante yake sikumpa."

Mwana alipokuja, alipiga magoti mbele ya ubao, akafuata mkia wa saini kwa kidole.

"Huu mkono wa baba," alisema. "Ripoti zangu za shule alizisaini hivihivi, mkia unafika mpaka kwenye hesabu." Akainuka. "Mama, nashukuru nilikuja kuuliza kabla ya kuuza. Ningemtia baba aibu."

"Nakushukuru, mwanangu. Wewe na baba yako, nyote wawili nawashukuru."

Mbele ya wakili yule dereva alitia saini kumhamishia Shangazi chumba, na mnunuzi akakubali jengo bila kona yetu. Halafu mwana wa Brashi akaazima ngazi, akalitundika bango juu ya mlango mwenyewe, akatuletea ubao mpya wa kukatia.

Bango bado halisemi tunashona nini. Kila siku mtu anachungulia mlangoni akiuliza kama tunashona suruali. Shangazi, asiyekuwa na subira hata na uzi, anainuka, anamkaribisha ndani, anamjibu taratibu. Kisha anatoka nje kidogo, anaangalia juu, anasema, "Asante, Brashi," na kurudi kazini.