Wapangaji wa Kompyuta ya Mama Mwenya

Wimbo wa sadaka ulikuwa umefika penye kiitikio, waumini wote wamesimama, macho yameelekea ukutani wanakosoma maneno, ndipo maneno yakafunikwa na karata. Karata za kucheza, mfalme na malkia na wenzao, zikajimwaga juu ya jina la Bwana kwa rangi za kumeremeta, na chini yake maandishi ya Kifaransa, makubwa kuliko wimbo wenyewe: mchezo wako unakungoja, rudi tuendelee. Waimbaji wa sauti ya pili, ambao husoma bila kufikiri, waliuimba mstari huo mpaka mwisho kabla hawajashtuka. Wanasema uliingia vizuri tu kwenye muziki.

Aliyekuwa nyuma ya kompyuta iliyorusha maneno hayo ukutani ni Mama Mwenya, mjane, mwalimu mstaafu na kiongozi wa akina mama wa kanisa hilo la mtaa wa Katuba. Aliyempa kompyuta hiyo ni Lombe, kijana anayetaka kumwoa binti yake, Sephora. Kwa hiyo hata kabla ya baraka ya mwisho lawama ilikuwa imeshampata mwenyewe. Kijana anayempa mama mkwe mashine iliyojaa karata, watu waliulizana wakitoka, kwake mwenyewe pakoje?

Lombe aliapa. Aliapa mbele ya mchungaji, akaapa mbele ya baba yake mdogo, kwamba yeye karata hazijui, hata ukimwekea karata ya as mkononi atakuuliza ni kitu gani. Kisha akajaribu kueleza jinsi mambo yalivyokuwa, na hapo ndipo alipojiharibia zaidi, maana mtu anayejieleza sana huonekana ana la kuficha.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Lombe ni karani wa wakala wa forodha, na kazi yake humpeleka Mokambo, mpakani, mara kwa mara kufuata makaratasi ya malori. Kompyuta aliinunua huko, mpya, ndani ya boksi lake. Alitaka kuifungua aione, lakini wazee wakamkataza: zawadi ya mama mkwe inafika na utepe wake wa kiwandani, kwani iliyofunguliwa imeshatumiwa, na iliyotumiwa ni tusi. Basi akaipeleka imefungwa, na kila mtu akamsifu kwa adabu yake.

Sasa yeyote aliyewahi kununua kompyuta mpya anajua kwamba mpya si tupu. Watengenezaji wamekwisha kuwapangisha watu wao humo ndani. Unakuta kinga ya virusi inayokulinda mwezi mmoja halafu inaanza kukutisha ikitaka pesa. Unakuta duka usilolijua, habari za mvua ya miji usiyokwenda, na mchezo wa karata ulioketi sebuleni kama mwenye nyumba. Hakuna aliyewaalika, na kila mmoja ana ufunguo. Siku hizi wanauza hivyo bila haya, nasi tunanunua tukishukuru.

Jibu la Mama Mwenya lililetwa na Papa Chisanga, mshenga wa Lombe, shibukombe kama wasemavyo watu wa upande wa Sakania walikotoka wote. Papa Chisanga alistaafu reli akabakiwa na kofia moja nzuri na ulimi laini kuliko kofia. Katika kazi yake ya kuposea watu hajawahi kufikisha neno kama alivyopewa. Kali hulilainisha, fupi hulirefusha, na la kukataa huligeuza likawa ombi la kupewa muda. Lakini safari hii hata yeye alishindwa kulilainisha. Karata zikionekana tena Jumapili ijayo, mama alisema, Lombe atakuja kuchukua mashine yake mchana, kupitia mlango wa mbele.

Katuba nzima inajua maana ya zawadi kutoka mchana kupitia mlango wa mbele. Uchumba umekufa, na majirani ni mashahidi. Kwa sababu hiyo hiyo kompyuta haikuweza kupelekwa kwa fundi, maana nani angesimama barabarani kumweleza kila mpita njia kwamba inakwenda kutibiwa na itarudi?

Na Lombe kuingia ndani hakuweza. Kwa desturi yao mkwe mtarajiwa hakai chumba kimoja na mama wa mchumba, hamtazami usoni, hasemi naye, mpaka siku mama huyo atakapompikia chakula na kumlisha nyumbani kwake. Siku hiyo ilikuwa haijapangwa, na baada ya yale ya kanisani hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama Mwenya angeweza kutoka akamwachia sebule, lakini alikwisha kusema kwamba mcheza karata haachwi peke yake na karata. Tena neno la siri la kompyuta alilijua yeye tu, na alitaka kuona kwa macho yake kila takataka ikitoka.

Sephora, aliyekuwa Likasi kwenye mafunzo ya uuguzi, alimpigia Lombe simu asubuhi ya Jumamosi. Alimpa shauri moja tu: asimwambie mama kwamba amekosea, hata kama amekosea.

Ikabaki Lombe aelekeze akiwa nje, mshenga apeleke maneno ndani. Wakakaa hivi. Mama Mwenya sebuleni, kompyuta mezani, pazia la kitenge limeshushwa mlangoni. Lombe barazani juu ya kigoda, amelipa pazia mgongo, anatazama ukuta wa jirani. Katikati, kizingitini, Papa Chisanga juu ya kiti chenye miguu miwili ndani na miwili nje, ili asiwe wa upande wowote.

Lombe alianza kwa maneno mafupi: afungue Paramètres, penye mipangilio, aingie Applications, penye orodha ya programu. Papa Chisanga akakohoa, akavua kofia, akageukia pazia.

“Mama, mutoto wako anapiga magoti hapa inje. Anasema asante ju ya kumupokea. Anaomba, kama roho yako iko tayari, umufungulie mulango ya Paramètres, na ukishaingia, usalimie Applications.”

Kwa mwendo huo saa nzima ilikwisha bila kufukuzwa mpangaji hata mmoja. Lombe alitafuna kucha. Alimwomba mshenga afikishe maneno kama yalivyo, naye akamjibu kwa upole kwamba kama ni hivyo wangemtuma kasuku.

Wa kwanza kuondoka alikuwa yule wa kinga ya virusi. Mama Mwenya alibofya penye neno la kuondoa, na mashine ikauliza kama ana hakika. Papa Chisanga alifurahi sana. Hiyo, alisema, ni familia iliyolelewa, maana hakuna ukoo unaojibu ndiyo mara ya kwanza. Mashine ikauliza tena, naye akaanza kuiheshimu. Mara ya mwisho ikaleta ukurasa mzima ikitaka kujua kwa nini wanaiacha. Lombe akasema wauruke, hakuna atakayeusoma.

“Muntu haendake bila kusema sababu,” alisema Papa Chisanga, na kutoka ndani ya pazia ikasikika sauti ya kukubali.

Basi wazee wawili wakatunga barua. Waliandika kwamba hawana ubaya na mtu, wanashukuru kwa ulinzi wa mwezi ule, ila nyumba ni ndogo na kuna harusi inakuja. Mama Mwenya alirudi mwanzo kusahihisha alama za Kifaransa, kwa kuwa hata anayefukuzwa anastahili tahajia nzuri. Huko barazani Lombe hakujali tena tahajia. Alikuwa amesikia neno harusi, tena kwa sauti ya mama mwenyewe akilisoma.

Mashine ikataka kuzimwa na kuwashwa. Mama Mwenya aliimba beti za wimbo mpaka ikaamka. Baada ya hapo kazi ikashika kasi: duka likatoka, mvua ya miji ya mbali ikatoka, na kila aliyetoka Papa Chisanga alimtakia safari njema. Mchana ulikuwa umeingia, na chungu kilichokuwa jikoni tangu asubuhi kikaanza kumnyanyasa Lombe kwa harufu ya samaki.

“Sasa ile ya karata,” alisema Lombe. “Akamate vidoti vitatu, kiisha désinstaller, aitoshe inje.”

Papa Chisanga alifikisha. Hakuna kilichobofywa. Lombe akangoja, akarudia. Ukasikika mnong’ono, kisha mshenga akageuka.

“Mama anauliza, kama anaitosha inje, na bintu byenye biko ndani bitapotea?”

“Bintu gani? Ni mchezo, haina kintu ndani.”

Mnong’ono tena. Safari hii Papa Chisanga aliinama akachungulia kioo cha kompyuta, na alipojiinua alikuwa mtu mwingine. Alivaa kofia yake. Akaanza kuutazama ukuta wa jirani kana kwamba umepakwa rangi jana.

Lombe akaelewa. Alielewa polepole, toka chini kwenda juu. Mchezo ambao hakuna aliyeufungua haumwiti mtu arudi. Kanisani ulisema mchezo wako, tuendelee. Ulikuwa unamwita mtu unayemfahamu, aliyeuacha katikati, na neno la siri la kompyuta hiyo lilijulikana na mtu mmoja tu katika Katuba nzima.

Alikasirika, na alikuwa na haki. Wiki nzima ameitwa mcheza karata. Mchungaji amemwombea kwa jina. Kazini wamemuuliza kama mshahara wake haujaliwa mezani pa karata. Sentensi moja tu, kwa sauti ya kufika kwa jirani, na angekuwa msafi. Alikuwa nayo mdomoni tayari, ina ladha ya pilipili.

Lakini jirani angesikia. Jioni kanisa lote lingesikia. Akamfikiria mwanamke huyo nyuma ya pazia, mume kaburini, binti Likasi, jioni ndefu, umeme ukirudi anakaa na wafalme wa kuchorwa kwa sababu ndio waliopo. Akamwonea huruma, na papo hapo akataka kucheka. Alichokuwa akikitaka tangu mwanzo kilikuwa Sephora, na Sephora hakuweza kutoka katika nyumba iliyotiwa aibu.

“Papa Chisanga, mwambie mama hivi. Kosa iko yangu. Nilileta mashini bila kuangalia ndani. Mchezo ya namna hii inajifungulaka yenyewe, haiombe muntu. Na si lazima kuitosha. Tutaifunga kinywa tu, ikae kimya, isiite tena muntu kwa jina. Aende kwa Notifications, aizime. Byenye biko ndani bitabakia.”

Papa Chisanga akavua kofia, akageukia pazia, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya ushenga akafikisha maneno kama alivyopewa, bila kuongeza magoti wala kupunguza kitu.

Ukasikika mbofyo mmoja. Kiti kikasogezwa, nyayo zikaelekea jikoni, kifuniko kikagonga chungu. Muda si mrefu mkono ukapita pembeni mwa pazia, umeshika sahani ya bukari, ugali wa huko, na samaki wakavu wa Pweto waliopikwa kwa mawese. Kilikuwa chakula chake mwenyewe cha mchana.

Papa Chisanga alisimama kwa mshtuko. Alinong’ona kwamba kulisha mkwe kuna taratibu zake, mama, kuna mashangazi, kuna ngoma, kuna vyungu vya kubebwa kichwani. Akajibiwa kutoka ndani kwamba mashangazi watakuja na ngoma zao, tarehe wataiketia baada ya ibada kesho, ila samaki huyu hangoji mtu. Mshenga akakaa. Lombe alinawa, akala tonge la kwanza.

Alikuwa na la pili mdomoni sauti ilipopita kwenye kitenge. Haikupitia kwa Papa Chisanga.

“Lombe. As ya cœur, ile ya moyo, inafungiwa chini ya roi ya pique, ule mufalme mweusi. Nafasi ya wazi haiko. Nimehangaika naye wiki mbili. Unafanya namna gani?”

Lombe alimgeukia mshenga wake kwa msaada. Papa Chisanga alikuwa ameinama anakagua viatu vyake, mtu aliyemaliza kazi.

“Usianze na roi, mama,” alisema Lombe. “Anza na colonne, ile safu yenye iko na karata kidogo. Ile mufupi. Uimalize yote, njo upate nafasi, kiisha roi anahamia pale na as anatoka.”

Alijibu haraka mno, na vizuri mno, kwa mtu aliyeapa mbele ya mchungaji. Alilisikia hilo yeye mwenyewe likishamtoka. Hata Papa Chisanga akaacha viatu.

Kisha Mama Mwenya akacheka. Alicheka kicheko cha mwalimu aliyemkamata mwanafunzi na jibu mkononi, akacheka mpaka akakohoa. Pazia likavutwa pembeni, na kompyuta ikasukumwa juu ya meza mpaka ikamwelekea mkwewe.

“Nawa mikono,” alisema, “kiisha uje unionyeshe.”