Mrangi wa Magurudumu

Abbasi alikuwa Mrangi, mtu wa kabila la Warangi wa Kondoa, na kosa lake lote lilikuwa hilo. Reli ilipofika Dodoma alishuka na mkewe Mwanahawa, wakajenga tembe nyuma ya soko, akawa anauza asali na nta za kwao milimani. Brashi hakuwahi kuishika. Hata ukuta wake mwenyewe hakuwahi kuupaka chokaa, na Mwanahawa alikuwa akilitaja jambo hilo kila mgeni alipobisha hodi.

Asubuhi hiyo alikuwa anayeyusha nta uani, akaona askari amesimama mlangoni, bunduki begani, jasho linamchuruzika. Alikuwa Msafiri, askari wa boma, mtu wa pwani aliyemwogopa Mjerumani kuliko simba.

"Wewe ni Mrangi?"

"Ndiye mimi."

"Alhamdulillahi! Twende. Bwana Shauri anakutaka."

Bwana Shauri huyo, Mjerumani mkuu wa boma waliyemwita Hopfa, alikuwa na motakaa. Ilikuwa imeletwa kwa gari moshi, na njia yake ilikuwa moja tu: kutoka bomani hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi bomani. Sasa mkubwa wake alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kukagua, na magurudumu yalikuwa yanatia aibu. Yalikuwa ya mti, yamevishwa mpira kwa nje, na jua la Ugogo lilikuwa limeyabambua rangi kama ngozi ya mtu aliyeungua. Hopfa alikwisha yafungua yote manne. Motakaa ilikuwa imekaa juu ya mawe mbele ya boma, na yeye mwenyewe ameketi ndani yake, mikono kwenye usukani, anapiga honi.

"Wewe mtu ya rangi?" akauliza.

Abbasi alifungua kinywa. Msafiri akamwahi: "Ndiye, Bwana! Mtu wa Rangi kabisa, baba na mama!"

"Gut. Peleka nyumbani. Futa, sugua, paka. Nyekundu!" Akamkabidhi kopo la rangi, akapiga honi tena.

Njiani, wakiviringisha magurudumu vumbini, Abbasi alisimama. "Msafiri, ndugu yangu, mimi ni Mrangi. Mimi si mpaka rangi."

"Bwana kasema nimletee mtu wa rangi. Wewe ni mtu wa Rangi. Kosa liko wapi?"

"Kosa liko kwamba sijui kupaka!"

"Basi rudi ukamweleze. Atatuchapa viboko hamsa ishirini wewe na mimi, tena nitaanza mimi, maana ndiye niliyekuleta." Midomo ilikuwa inamtetemeka, na Abbasi akamwonea huruma. Huruma iliwahi kumponza mara nyingi, lakini siku hiyo ilimponza kwa magurudumu.

Nyumbani, Mwanahawa aliyatazama yale magurudumu yaliyoegemezwa ukutani, akamtazama mumewe.

"Baba Zaitun, ukuta wangu huu umekushinda, leo unaipakia serikali rangi?"

Hata hivyo alijifunga kanga kiunoni. Alikuwa mtoto wa mchonga vinu, akajua kwamba mti haupakwi juu ya uchafu. Waliikwangua rangi ya zamani kwa kisu, wakaosha kwa maji ya majivu, wakaanika. Mti ulipokauka waliusugua kwa majani ya msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Nyufa wakaziziba kwa nta. Jua lilipopinda magurudumu yalikuwa uchi, safi, ya kupendeza, na Abbasi akaanza kujiona fundi.

Ndipo alipofungua kopo. Rangi ilikuwa imekauka na kuwa jiwe. Alichokonoa, akatia maji ya moto, akalipiga kwa mchi. Kopo likabonyea, rangi haikubonyea. Akamkimbilia Msafiri.

"Rangi imekufa."

"Bwana amesema rangi ipo," akajibu Msafiri. "Bwana akisema ipo, ipo."

Jirani yao, mama mmoja wa Kigogo aitwaye Loisi, ndiye aliyewafungua macho. "Nyekundu mnaitafuta wapi nanyi mmeikalia? Udongo mwekundu na samli. Vijana wetu wanajipaka wanang'aa mpaka ng'ombe wanageuka kuwatazama."

Wakaponda udongo mwekundu, wakauchanganya na samli, wakapaka. Lo, yaling'aa! Majirani walikuja kutazama, na kwa kuwa kwao kinachopakwa hivyo huwa kina sherehe, mmoja alileta kibuyu cha maziwa na kuuliza bibi harusi yuko wapi. Abbasi aliona haya kueleza. Akapokea maziwa, akashukuru kwa niaba ya magurudumu.

Lakini samli haikauki. Kulipokucha walikuta mbuzi wa Loisi wameyazunguka magurudumu, ndimi nyekundu, wanalamba kwa utulivu kama watu walioalikwa. Yalikuwa uchi tena. Loisi hakuomba radhi. Alidai mbuzi wake wanahara, na kwamba rangi ya serikali si chakula cha mifugo.

"Nta," akasema Abbasi. "Nta haina mbuzi." Akayeyusha nta yake yote nzuri, akatia ule udongo, wakapaka ingali ya moto, tabaka juu ya tabaka. Ikaganda. Akaigusa kwa kidole, haikutoka. Akamwambia Mwanahawa, na sauti ilikuwa imebadilika kidogo, "Mama Zaitun, mimi nina mkono."

"Unao," akajibu mkewe. "Kesho kuna ukuta."

Hopfa alipoyaona alipiga makofi. Magurudumu yakafungwa, na Abbasi akaamriwa asimame bomani siku ya mgeni ili aonyeshwe pamoja na kazi yake. Alivaa kanzu iliyofuliwa.

Tatizo ni kwamba gari moshi lilichelewa, na Hopfa akalingojea stesheni mpaka adhuhuri, motakaa imesimama juani. Jua la Dodoma wakati wa kiangazi halina adabu kwa mtu, sembuse kwa nta. Mgeni, mzee mnene mwenye miwani, alipopanda na safari ya bomani ikaanza, magurudumu yalikuwa yameanza kulia machozi mekundu. Kila yalipozunguka yaliacha matone vumbini, kulia na kushoto, njia nzima.

Abbasi aliiona motakaa ikiingia bomani, matone mekundu yakiifuata nyuma. Wazungu waliokuwa juu hawakuona chochote. Walishuka, wakapigiwa saluti, wakaketi kivulini kunywa bia. Abbasi akaanza kusoma kimoyomoyo dua zote alizokumbuka, pamoja na moja ya mvua.

Kabla hajaimaliza, wakaingia wafugaji na mikuki. Walikuwa wanarudisha ng'ombe kutoka majini, wakavuka ile njia. Mbele yao alikuwa mtu mrefu aitwaye Chidawali, anatembea ameinama, macho chini, mpaka akagota kwenye motakaa. Akanyoosha mgongo.

"Tumemfuata mpaka hapa," akasema kwa Kigogo. "Mnyama hana kwato, anaburuta tumbo, na anavuja damu pande mbili. Nani amempiga?"

Hopfa akasimama. "Wanasema nini? Mrangi! Wewe jua maneno yao?"

Abbasi aliyajua. Tamaa yake ilikuwa asiyajue. "Wanauliza hali ya motakaa, Bwana."

"Mwambie," akaendelea Chidawali, "sisi si wezi. Lakini aliyefuata damu hupewa paja la mnyama. Hata kwa mzungu."

"Wanasema wanaipa pole," akatafsiri Abbasi, "na kwamba wametoka mbali, na wana njaa."

Mgeni akataka naye aelezwe kwa lugha yao, Hopfa akamweleza. Yule mzee akavua miwani na kuifuta. Alikuwa amezunguka nchi nzima akikagua maboma, na hakuna mahali watu walipokuja kuijulia hali mali ya serikali. Akaamuru wapewe ng'ombe dume, achinjwe pale pale. Chidawali alimtazama dume, akaitazama motakaa, akatikisa kichwa.

"Wamempa mwingine," akawaambia wenzake. "Huyu wao bado hawajui kumchinja."

Nyama ikachomwa. Ni hapo Hopfa alipopita karibu na motakaa, mfupa mkononi, akayaona magurudumu. Mti mtupu! Safi, laini, lakini mtupu.

"Mrangi! Rangi iko wapi?"

Abbasi alitafuta uongo, akaukosa. Siku hiyo alikwisha utumia wote. "Iko njiani, Bwana."

Hopfa akawa mwekundu kuliko magurudumu yalivyowahi kuwa. Lakini mgeni alikuwa anatazama, na mbele ya mgeni hapakuwa na kiboko. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi enda, okota. Rangi ya serikali yote rudisha."

Abbasi na Msafiri wakatoka na kapu na ufagio. Walifagia kutoka bomani kuelekea stesheni. Pale palipokuwa na matone waliokota matone, na pasipokuwa na matone waliokota udongo, maana udongo wa pale wenyewe ni mwekundu na hakuna aliyeweza kuapa tofauti. Msafiri alifanya kazi kwa bidii ya kweli. Kila kapu lilipojaa alilipigia saluti.

"Hii nayo rangi?" akauliza, ameshika kinyesi cha punda.

"Weka. Tusije tukapungukiwa."

Ndipo Abbasi akacheka, cheko la mtu aliyeogopa tangu asubuhi na mwili umechoka kuogopa. Msafiri alimtazama kwa hofu, kisha mabega yakaanza kumtikisika naye, mpaka bunduki ikamponyoka. Walikaa chini katikati ya njia, wakacheka mpaka gari la maksai likalazimika kuwazunguka.

Mwanahawa aliwakuta hapo. Alikuwa amebeba ungo, na juu yake nyama ya kuchoma ambayo Chidawali aliituma kwa "yule mwenye maneno mazuri." Aliwagawia, akaketi vumbini kando ya mumewe, akala na yeye.