Nyumba Iliyosubiri Treni

Fundi alikuwa anasogeza tena kitanda cha mama yake, maana tone la bati linalovuja lilikuwa limehamia upande wa mto wa kulalia, pale bwana mipango miji alipopiga hodi akiwa tayari yuko ndani.

"Habari njema," alisema, akiruka beseni. "Treni haiji."

Treni hiyo ya kuunganisha mabara ndiyo iliyoleta alama nyekundu ya kupisha reli ukutani na, pamoja nayo, katazo: hakuna kukarabati, hata bati usiguse, mpaka upembuzi yakinifu ukamilike. Fundi, aliyewajengea watu kuta mji mzima, alikaa miaka akiitazama nyumba yake inavyopasuka. Aliwahi kuziba ufa mmoja; watu wa mipango miji wakaja wakauchimbua, na mwiko wakaondoka nao.

"Imekuwaje?"

"Wataalamu wamepiga hesabu. Kila ukivuka mpaka, reli zina upana mwingine. Mzigo ushushwe, upakiwe upya. Meli moja inabeba mzigo wa treni mia, na bahari haitandikwi mataruma ya reli. Meli imeshinda."

"Na hilo ndilo mlilokuwa mnalitafuta miaka yote hii?" mama aliuliza kutoka kitandani. "Si bora ingekuja tu, baba. Ningeipanda, angalau nikalale pakavu."

Fundi hakucheka. "Kwa hiyo sasa naruhusiwa kukarabati."

Bwana mipango alikohoa. Akagusa ukuta wa nyuma. Udongo ukammwagikia viatuni. "Hapana. Nyumba imeshakuwa ya hatari. Sheria inataka ibomolewe. Mna wiki moja."

"Hiyo hatari kaileta nani?"

"Usinipandishie sauti. Mimi natumwa tu."

"Na fidia?"

"Fidia ya nini? Kwani reli imepita?"

Fundi alimkazia macho. Kisha akainama, akamvutia mama shuka hadi mabegani, akatoka kwenda uani. Kulikuwa na mfuko wa saruji wa kazi ya mteja. Akaupasua, akaumwaga wote juu ya mchanga, akashika beleshi.

"We fundi, unafanya nini? Narudi na askari sasa hivi!"

"Uwahi, mheshimiwa," alisema fundi, akimimina maji. "Hii nakoroga nzito. Ikishakauka, mkija kuichimbua mtavunjika mikono."